Kitundu au Kioo: Nani Asimame Langoni Jumapili

CHAMA CHA WAPIGA PICHA WA UWANJA WA KANISA, COPACABANA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA NNE CHA KAMATI

Kumbukumbu hizi zimeandikwa na Limbert Yujra, Katibu, mpiga picha hodari kuliko wote waliowahi kukanyaga ufuko wa ziwa hili, upande wetu na upande wa Peru, kijana ambaye tangu ashike kamera hajapoteza picha hata moja, na ambaye mbwa wa uwanjani wakimwona anapita na kamera hukaa vizuri wenyewe na kusimamisha masikio. Mwenyekiti amemkataza Katibu kujisifu ndani ya kumbukumbu. Katibu amelipokea katazo hilo na atalitii kuanzia mstari unaofuata.

TAREHE: Jumatano, 31 Julai 2024
MAHALI: Chumba cha nyuma, mgahawa wa samaki wa dada yake Doña Primitiva

WALIOHUDHURIA
1. Don Fortunato Quenallata – Mwenyekiti
2. Doña Primitiva Ticona – Makamu wa Mwenyekiti
3. Don Severo Apaza – Mweka Hazina, na shemeji wa Mwenyekiti
4. Yola Chura – Mjumbe
5. Limbert Yujra – Katibu

ASIYEHUDHURIA
Don Anselmo Poma – Mjumbe. Udhuru: Jumapili iliyopita alialikwa kwenye sherehe ya gari jipya lililobarikiwa, na sherehe haijaisha.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa nne asubuhi badala ya saa tatu, akieleza kwamba waliofika saa tatu walikuwa wamewahi mno. Kabla ya yote alilalamika kwamba kufanya kikao katika mgahawa wa ndugu wa Doña Primitiva kunaweza kupotosha kura. Doña Primitiva alijibu kwamba kikao kilichopita kilifanyika sebuleni kwa Mwenyekiti, na hakuna aliyepewa hata maji. Hoja ilifungwa. Samaki waliagizwa.

KUMB. NA. 4/2: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TATU
Katibu alizisoma kumbukumbu kwa sauti, kama anavyoagizwa na Mwenyekiti tangu Pasaka. Zamani Mwenyekiti alizisoma mwenyewe, ila siku hizi anasema mwandiko wa Katibu unamtia kichefuchefu. Katibu anaomba ieleweke kwamba aliacha shule kwa sababu ya hesabu tu, mwandiko wake haukuwa na kosa.

Mwenyekiti aliomba neno "alifoka" katika ukurasa wa kwanza libadilishwe liwe "alifafanua". Yola aliomba neno "alifafanua" katika ukurasa wa pili libadilishwe liwe "alifoka". Marekebisho yote mawili yalikubaliwa na kumbukumbu zikathibitishwa.

KUMB. NA. 4/3: YATOKANAYO
Don Severo alikuwa ametumwa kwa akina mama wanaouza maua na karatasi za rangi langoni, awaombe wasirushe karatasi hizo kwenye kamera magari yanapobarikiwa. Alitoa taarifa kwamba alikwenda, akaongea nao vizuri, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakammwagia karatasi kichwani na kumtakia mwaka wa heri. Suala hilo liliachwa.

KUMB. NA. 4/4: HOJA YA MWENYEKITI KUHUSU KITUNDU
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumapili hii madereva wa mabasi madogo ya njia ya La Paz wanaleta mabasi yao mapya kubarikiwa, yote kwa pamoja, yakiwa yamepangwa kutoka mbele ya kanisa mpaka kona ya soko. Kiongozi wao ameomba picha moja tu yenye mabasi yote na madereva wote, ambayo itatundikwa ndani ya kila basi karibu na sanamu ya Bikira. Picha hiyo ina mahali pamoja tu pa kusimama, napo ni juu ya kizingiti cha lango la kanisa. Hapo husimama mtu mmoja wa chama. Miaka yote amekuwa Mwenyekiti, na kabla yake alikuwa baba yake, marehemu Don Calixto. Mwaka huu Doña Primitiva naye ameandikisha jina lake.

Mwenyekiti alisisitiza kwamba jambo hilo halihusiani hata kidogo na hoja yake. Kisha akaitoa hoja yenyewe: kuanzia sasa, mwanachama yeyote atakayesimama langoni lazima apange picha kwa kubandika jicho kwenye kitundu, yaani kile kijidirisha kilicho juu ya kamera. Ni marufuku kupanga picha kwa kutazama kioo, yaani ile skrini ya nyuma. Alipofika kwenye maneno "mwanachama yeyote" alimtazama Doña Primitiva, na hakuondoa macho mpaka sentensi ilipokwisha. Uwanja mzima unajua kwamba Doña Primitiva anapiga kwa kioo.

Doña Primitiva aliomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti aliagiza maneno yake yaandikwe kama yalivyo ili siku moja yamrudie. Katibu aliona ni vyema basi kuandika ya wote hivyo hivyo.

"Don Fortunato, mimi mwanamke ninavaa kofia," alisema Doña Primitiva. "Nikiinamia hicho kitundu chako, kofia inaanguka. Ikianguka, upepo wa ziwa unaibeba mpaka kwa jirani. Sasa unataka Jumapili niache mabasi nikaifukuze kofia?"

"Si uivue," alisema Mwenyekiti.

Doña Primitiva, Yola, dada mwenye mgahawa, pamoja na mteja mmoja aliyekuwa akila supu yake na asiyehusika na lolote, walimgeukia Mwenyekiti kana kwamba amemwambia mwanamke avue sketi uwanjani. Mwenyekiti aliliondoa pendekezo hilo.

Don Severo aliunga mkono hoja ya Mwenyekiti. Alieleza kwamba kioo kinakula betri kama mkwe mpya anavyokula nyama, na kwa baridi hii ya Julai mtu wa kioo anafika katikati ya asubuhi kamera imeshakufa. Kitundu hakili kitu. Unachungulia bure.

Yola alisema betri ya akiba inawekwa ndani ya soksi ikae na joto, kila mtu anajua, na kama Don Severo hana soksi nzima aseme tu achangiwe.

Mwenyekiti aliendelea kufafanua. Alieleza kwamba kwa jua la hapa mtu anayetazama kioo haoni picha, anaona meno yake. Hata hivyo hilo si baya kuliko yote. Lililo baya ni kwamba kioo kinamfanya kila mtu awe mpiga picha. Alitoa mfano wa Yola, ambaye kwenye sikukuu ya Februari alikuwa akipiga picha familia moja kutoka El Alto na gari lao. Bibi akaja nyuma ya kamera kuangalia kama ametoka vizuri. Akamwita binti yake aje aone. Binti akamwita mumewe. Mume akaja na watoto.

"Mwishowe ukoo wote uko nyuma ya kamera, wanasukumana," alisema Mwenyekiti, "na mbele limebaki gari peke yake. Akapiga gari. Ndiyo picha ya familia hiyo."

"Waliipenda," alisema Yola.

"Hawamo."

"Ndiyo maana waliipenda, baba. Walikuwa wamenuniana tangu njiani."

Doña Primitiva alisema kwamba kama ni mifano hata yeye anao. Mtu wa kitundu haoni kitu kingine duniani isipokuwa kilicho ndani ya kitundu. Mwaka jana, wakati gari la fundi mmoja linabarikiwa, mwenye gari alitikisa chupa ya bia ili ayamwagie magurudumu povu, kama ilivyo desturi ya baraka. Uwanja mzima uliiona chupa. Padri aliiona akasogea. Mbwa waliiona. Don Fortunato peke yake alikuwa amebandika jicho, akisema "tabasamuni, tabasamuni", mpaka povu lilipoingia kwenye kola na kutokea kwenye mkono wa koti.

Katibu alicheka. Aliagizwa asicheke. Alieleza kwamba kwa upande wake bia haijawahi kumpata, kwa kuwa ana macho mepesi, na wazee wakitaka anaweza kuwafundisha. Mchango huo haukujadiliwa.

Hapo Mwenyekiti alisimama. Alisema kwamba kitundu ni heshima ya uwanja huu na kwamba baba yake, Don Calixto, aliyepiga picha pale langoni kwa sanduku la mbao kabla ya wengi waliomo humu kuzaliwa, hakuwahi kunyoosha kamera mbele yake kama mtu anayemlisha punda. "Mzee wangu angewaona na vioo vyenu angerudi kaburini kwa miguu yake."

Doña Primitiva aliomba kuuliza swali dogo.

"Mimi Don Calixto alinipiga picha ya komunyo ya kwanza. Namkumbuka. Alisimama nyuma ya lile sanduku, akajifunika kitambaa cheusi kichwa kizima, tukawa tunaona miguu tu. Sasa nikuulize, kule ndani ya kitambaa alikuwa anatazama nini? Chakula chake cha mchana?"

Mwenyekiti aliuliza jikoni kama samaki wamegeuzwa upande wa pili.

"Kilikuwa kioo, shemeji," alisema Don Severo kwa sauti ya chini. "Kioo cha ukungu, nyuma ya sanduku. Nilikuwa nalibeba mimi."

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna. Nimejisemea."

Mwenyekiti alieleza kwamba kioo cha baba yake kilikuwa kioo cha aina nyingine. Alipoombwa kutaja aina, alisema chakula kimefika.

KUMB. NA. 4/5: JARIBIO
Baada ya samaki, Yola alipendekeza maneno yaachwe na watu watoke nje. Teksi ya Don Severo ilikuwa imeegeshwa karibu na lango, bado ina mashada ya maua ya Jumapili, yamenyauka kidogo. Don Severo asimame mbele ya teksi yake na kanisa likiwa nyuma. Mwenyekiti apige kwa kitundu, Doña Primitiva apige kwa kioo, na picha zote mbili zichapwe papo hapo na mashine ndogo ya Yola. Atakayeshinda ndiye asimame langoni Jumapili. Mwenyekiti alipinga kwanza, akisema hoja ya kisheria haiamuliwi na teksi. Doña Primitiva alisema kama anaogopa aseme. Mwenyekiti alichukua kamera.

Ni lazima ielezwe hapa kwamba Mwenyekiti ana nyusi moja na nusu. Nyusi ya kulia imenyonyoka kwa kusuguliwa na kamera miaka yote aliyofanya kazi, na yeye mwenyewe huionyesha kwa wageni kama askari anavyoonyesha kovu. Kwa hiyo alipoinua kamera na kuipeleka kwenye jicho la kushoto, kila mtu aliona.

"Mwenyekiti," alisema Katibu, "vipi, jicho la kulia limepewa likizo?"

Mwenyekiti hakugeuka. Alikaa na kamera usoni kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alimwambia Don Severo asogee kushoto, kisha kulia, kisha akamwambia arudi pale pale alipokuwa mwanzo. Akapiga.

Doña Primitiva alipiga baada yake. Kwa sababu ya jua alifungua lile shuka la mistari analobebea vitu mgongoni, akajifunika nalo kuanzia juu ya kofia mpaka kiunoni, yeye na kamera yake pamoja. Zilibaki sketi na miguu. Don Severo alicheka mpaka akatoka kwenye mstari, akarudishwa.

Picha zilichapwa. Kwenye ya Doña Primitiva, Don Severo ametoka mzima na kanisa limesimama wima, kasoro ni mbwa mmoja tu aliyekuwa akifanya haja yake kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye ya Mwenyekiti, teksi imetoka vizuri. Kanisa limeegemea upande wa ziwa. Don Severo ametoka nusu.

Yola aliitazama, akaigeuza chini, akaiweka juu ya boneti.

"Igeuze waone," alisema Mwenyekiti. Na alipoona kalamu ya Katibu imesimama: "Wewe nawe andika. Andika yote, isomwe mara moja, nisije kuulizwa tena na mtu yeyote."

Maneno yake yalikuwa haya: "Jicho la kulia limeingia wingu tangu Pasaka. La kushoto halijawahi kufanya kazi hii, linatazama tu kama mgeni. Kwenye kitundu naona kama nachungulia mvuke wa supu."

"Sasa shemeji," alisema Don Severo, "inakuwaje unaleta sheria ya kitundu, na kitundu ndicho kinachokushinda?"

"Kwa sababu kwenye kitundu anaona mtu mmoja tu. Mtu akikukuta umebandika kamera usoni, anaamini unaona. Hakuulizi. Hivyo vioo vyenu kila anayepita nyuma anachungulia na kutoa maoni. Siku ya kwanza tu mngejua." Kisha akasema: "Nilitaka hii Jumapili peke yake, Severo. Ya mwisho. Halafu ningewaambia magoti yananisumbua."

Katibu alitafuta la kuchekesha la kuandika hapa na hakulipata.

KUMB. NA. 4/6: MAAZIMIO
Kikao kilirudi ndani. Doña Primitiva alisema kwamba kama Mwenyekiti angesema tangu Pasaka, chama kisingepoteza asubuhi nzima kwa sheria.

"Na wewe ungeniachia lango?" aliuliza Mwenyekiti.

"Nisingekuachia. Ila ningekusema kwa adabu kidogo."

Kisha alimtuma Katibu nyumbani kwa Mwenyekiti akachukue kitambaa cheusi cha Don Calixto. Mke wa Mwenyekiti alikitoa chini ya magodoro, akauliza nani amekufa. Katibu alimjibu kwamba bado.

Mwenyekiti aliketishwa nje kwenye kiti cha mgahawa, kamera ikiwa mbele yake juu ya miguu mitatu na kioo kimewashwa. Yola alimwonyesha kitufe cha kukuza picha. Doña Primitiva alimfunika kitambaa yeye na kamera, akakandamiza pembeni mwanga usiingie. Mwenyekiti alilalamika humo ndani kwamba kitambaa kinanuka panya. Halafu akanyamaza. Alinyamaza sana, mpaka Don Severo, aliyekuwa amesimama tena mbele ya teksi, akauliza kama mzee amelala.

"Severo," sauti ilisema kutoka ndani ya kitambaa, "vifungo vya shati lako vimepishana."

Don Severo alijitazama. Vilikuwa vimepishana.

"Na hilo kanisa sasa limenyooka," iliendelea sauti. "Mtu asiiguse kamera yangu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Don Severo alipendekeza kwamba Jumapili Mwenyekiti na Doña Primitiva waingie wote chini ya kitambaa, ili mmoja aangalie katikati ya picha na mwingine pembeni. Mwenyekiti alipinga vikali. "Mimi na huyu chini ya kitambaa kimoja? Mbele ya padri, mbele ya madereva, mbele ya mke wangu?"

"Tulia, mzee," alisema Doña Primitiva. "Kwa umri wetu watadhani tumeangusha ufunguo."

Pendekezo hilo halikupita. Yaliyopita kwa kura zote ni haya:

Hoja ya sheria ya kitundu iliondolewa na mwenyewe. Kila mwanachama atapanga picha kwa kitundu au kwa kioo kama macho yake na kofia yake vinavyomruhusu.

Jumapili Don Fortunato atasimama langoni na kupiga kwa kioo, chini ya kitambaa cha baba yake. Doña Primitiva atasimama kando, mkono mgongoni pake, na atamvuta bia ikija au padri akikaribia na ndoo ya maji ya baraka. Baada ya Jumapili hiyo lango litakuwa la Doña Primitiva, na Don Fortunato hatatoa hoja yoyote kuhusu kofia.

Mwisho, ipigwe picha ya Don Fortunato akiwa pale langoni, itundikwe katika kibanda cha chama kando ya picha ya Don Calixto, ambaye naye alipigwa pale pale siku yake ya mwisho kazini. Mwenyekiti alisema hakuna haja. Alisema hivyo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Kisha akauliza kama picha itakuwa na fremu.

Katibu alijitolea kuipiga kabla hajaombwa. Yola alimshauri apige kwa kioo ili aone bia inatokea upande gani. Katibu alimjibu hivi: "Dada Yola, bia inanijua. Ikifika kwangu inapita pembeni." Aliongeza kwamba picha ya heshima kama hiyo ataipiga kwa kitundu, kama mabingwa. Mwenyekiti alifurahi wazi wazi, akasema angalau mtoto wa Yujra ana malezi. Don Severo aliondoka mezani, akaenda kibandani kupigilia msumari, akarudi akiwa amejipiga kidole.

KUMB. NA. 4/7: MENGINEYO
Don Anselmo Poma aliingia wakati huu akiwa na karatasi za rangi kwenye nywele. Aliuliza kama kikao cha Jumatatu kimeshaanza. Alielezwa kwamba ni Jumatano. Alisema kwa hali hiyo anaunga mkono maazimio yote, akaomba supu.

KUMB. NA. 4/8: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa uvumilivu na Doña Primitiva kwa samaki, akasema samaki alikuwa na chumvi nyingi. Doña Primitiva alisema apeleke lalamiko hilo kwenye kikao cha tano. Kikao kilifungwa saa saba na nusu mchana.

NYONGEZA YA KATIBU, KABLA YA SAHIHI
Kwa kuwa kumbukumbu hizi zinasainiwa baada ya Jumapili, Katibu anatoa taarifa ya utekelezaji.

Mabasi yalikuja yote, yana maua mpaka kwenye vioo vya pembeni. Don Fortunato alipanda kizingiti, akajifunika. Madereva walioanza kucheka walinyamaza mzee mmoja wao aliposema, "Huyo ni Calixto," na wengine wakavua kofia. Doña Primitiva alisimama kando na mkono mgongoni pake. Chupa ya kwanza ilipotikiswa alimvuta, povu likatua kwenye ngazi. Picha imetoka. Kila dereva yumo, na basi la mwisho kabisa, lile la kona ya soko, namba yake inasomeka. Imeshatundikwa kwenye mabasi yote. Maazimio ya kikao yametekelezwa, isipokuwa moja.

Don Fortunato alipomaliza alijifunua kitambaa. Katibu alikuwa amesimama chini ya ngazi, jicho kwenye kitundu, kama mabingwa. Aliona Don Fortunato amekishika kitambaa mabegani kama mtu aliyetoka kuoga ziwani, nywele zimesimama, nyusi moja na nusu, anamcheka Doña Primitiva kwa jambo alilomwambia, na Doña Primitiva naye amegeuza uso pembeni ili asionekane anacheka. Nyuma yao lango lilikuwa wazi na mishumaa inaonekana ndani. Katibu alisema "tabasamuni", ingawa walikuwa wameshatabasamu. Akabonyeza.

Bia ilitoka kushoto. Kitundu hakionyeshi kilicho kushoto.

Kwenye picha kuna povu, na juu kwenye kona upindo wa kitambaa cheusi. Hakuna kingine. Mpaka Katibu amalize kufuta kamera na macho, Don Fortunato alikuwa ameshashuka kwenye kizingiti, na kitambaa kilikuwa kimekunjwa.

Kila siku Mwenyekiti anapita kibandani kuuliza, na kila siku Katibu anamwambia picha iko La Paz, inatengenezewa fremu. Haiko La Paz. Alichokiona Katibu pale langoni kilionwa na mtu mmoja tu, na amekiandika hapa juu kadiri anavyojua kuandika, kwa sababu hana namna nyingine ya kukitoa. Msumari wa Don Severo bado uko ukutani na hauna kitu.

Mwenyekiti hatasaini kumbukumbu hizi mpaka asomewe kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Msomaji ni Katibu. Kikao cha kusomewa ni kesho asubuhi.

Mwenyekiti: ..............................

Katibu: L. Yujra